Kabla ushukuru kwa mashine ya sukari ya bure, uliza stripu ni ngapi

Mzazi mwenzangu ambaye mtoto amepatikana na sukari juzi, pole sana. Wangu ana miaka 11, tunaishi Kayole, huu ni mwaka wa tano wa kudunga sindano, na vitu vingine ningeambiwa mapema saa hii ningekuwa nimeweka karo ya term mbili hivi.

Kosa langu la kwanza lilikuwa mashine ya kupima sukari kwa damu. Tulipewa bure kwa kambi ya matibabu, nikashukuru karibu nilie, stripu kumi za ndani, vile vijikaratasi vya kuwekea tone la damu, zikaisha kwa siku tatu, kwenda kwa kemisti naambiwa hiyo aina hatuna mama, nikazunguka tao siku nzima, na nilipoipata nikauliza bei mara mbili nikidhani sijasikia vizuri. Stripu za mashine moja haziingii kwa nyingine, na pesa iko kwa stripu, si kwa mashine, ndio maana mashine inapeanwa kama peremende. Kwa hivyo uliza kwanza kliniki yenu inapeana stripu za mashine gani, na kemisti wa mtaani anauza mkebe wa 50 pesa ngapi, ndio uchukue mashine. Na stripu zikae kwa mkebe wake, uufunge hapo hapo ukitoa moja, mimi nilikuwa nafunga stripu mbili mbili kwa karatasi za shule, zinashika unyevu zinaanza kusoma uongo.

Kama mtoto ana sukari aina ya kwanza (type 1) uliza kliniki kama iko kwa mpango unaoitwa Changing Diabetes in Children. Ulianza 2009, Kenya tuko ndani, na mtoto akiandikishwa anapata insulini, mashine na stripu bure, lakini ni kupitia kliniki zilizo kwa mpango, si kila hospitali. Hakuna mtu alinitangazia, nilisikia kwa mama mwingine kwa benchi tukingoja kupima.

SHA nayo, ile bima ya afya ya serikali, jiandikishe hata leo, ni *147# kwa simu. Ukishajiandikisha, huduma za kawaida kwa zahanati na vituo vya afya vya level 2 na 3 ni bure, lakini hospitali kubwa lazima uwe umelipa mchango, na ya chini kabisa ni 300 kwa mwezi. Usingoje mtoto alazwe ndio uanze kutafuta kitambulisho usiku.

Sasa hesabu ambayo hakuna mtu hukufanyia. Chupa ya insulini ya mililita 10 ina yuniti 1,000, na nyingi ukishafungua ni siku 28 hivi, halafu unatupa. Mtoto wa yuniti 12 kwa siku anatumia 336, zaidi ya nusu inaenda kwa takataka! Katriji, ile chupa ndogo inaingia kwa kalamu ya kudunga insulini, ni yuniti 300, kwa hivyo kwa mtoto mdogo muulize daktari kama anaweza kuandikiwa hiyo, halafu linganisha bei kwa mwezi, si kwa chupa.

Friji hatuna. Insulini nilikuwa naweka kwa friji ya jirani, siku moja mtoto wake akaisukuma juu kwa barafu, ikaganda, na iliyoganda haitumiki hata ikiyeyuka. Nikanunua vyungu viwili Gikomba, kimoja ndani ya kingine, katikati mchanga ninaoumwagia maji asubuhi na jioni, kitambaa chenye maji juu. Chupa iko ndani ya kikombe kikavu isiguse maji. Si friji, lakini iliyofunguliwa inakaa poa.

Nesi wa kliniki mjue kwa jina, yeye ndiye anajua stoki imeingia lini. Daktari anaandika tu. Mimi humpigia siku moja kabla, nikiambiwa hakuna kitu nabaki nyumbani na nauli yangu.