Muulize Shangazi: Mkate ulifichwa na korona?

SWALI: Shangazi shikamoo. Mdogo wangu alikuwa Israeli 2020 anasomea kilimo, kapanga chumba kwa mzee mmoja na mkewe. Juzi tumekaa barazani akaanza stori za lokdauni, eti mwezi wa 4 wiki nzima supamaketi haziuzi mkate, shelfu zimefunikwa manailoni, mayai hamna, akipika wali mama mwenye nyumba ananuna, na usiku wa sikukuu wale wazee wamekaa wawili tu mezani na kompyuta. Shemeji yangu kasema muongo, korona gani inaficha mkate? Na wale wazee wanataka kuja kututembelea mwakani mwezi wa 4, tutawapikia nini? – Dada wa Barabara ya 12, Ngamiani, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu. Mwambie shemeji atulie, mdogo wako hajadanganya, ila kachanganya mambo mawili yaliyogongana wiki moja. Korona ilikuwepo, na Pasaka ya Wayahudi, wanaita Pesach, mwaka ule iliingia jioni ya tarehe 8 Aprili. Wanakumbuka babu zao walivyotoka Misri mbio mbio, unga haujaumuka, kwahiyo siku zote hizo hamira marufuku na dukani mkate unafunikwa, hiyo ni kila mwaka, korona isisingiziwe. Na usidhani chapati ya maji ingepona manake haina hamira, wapi! Unga wa ngano ukishaguswa na maji una dakika 18 tu uwe umeshaiva, ukizidi hapo wanauhesabu umeumuka, ndo wanapata ule mkate wao mkavu, matza. Wali nao, Wayahudi wenye asili ya Ulaya wengi hawali wiki hiyo, wala maharage, ila wenye asili ya nchi za Kiarabu wengi wao wanakula. Sasa sijui huyo mama ni wa wapi lakini kwa kununa huko nahisi ni wa Ulaya.

Mayai ndo yalikuwa ya korona, watu walinunua kwa pupa na sikukuu yenyewe inakula mayai mengi, yakaadimika kweli.

Na lile la wazee wawili mezani ndo lililoniuma. Usiku ule wa kwanza ukoo mzima unakaa pamoja, mtoto mdogo kuliko wote anauliza kwanini usiku huu si kama usiku mwingine, wakubwa wanamjibu mpaka usiku mkubwa. Mwaka ule serikali ikapiga marufuku kutoka, kila mtu ale na wa nyumbani kwake, mjukuu yuko mji wa pili hawezi kuja. Ndo zikaja kompyuta, na hapo pia kulikuwa na ubishi, manake washika dini hawagusi umeme siku ya sikukuu. Marabi kadhaa, yaani viongozi wao wa dini, wakaruhusu kuonana kwa video ya Zoom kwa mwaka ule tu, iwashwe kabla jua halijazama, marabi wakuu wakakataa. Wengine hawakusubiri fatwa ya mtu, wakawasha.

Sisi huku shule zilifungwa kuanzia tarehe 17 Machi lakini misikiti na makanisa wazi, mandazi asubuhi kama kawa, ndo maana shemeji haamini. Aulize wenye ndugu Mombasa, tarehe hiyo hiyo 8 Aprili Kenya ilifunga Mombasa, Kwale na Kilifi, hakuna kuingia wala kutoka, na Mei mpaka wa Horohoro ukabaki wa malori ya mizigo tu.

Kuhusu wageni, kwanza waulizeni kama wanashika sana, wengine hawali kabisa kwenye sufuria iliyopikiwa mkate. Kama si hivyo, changu wa kuchoma, viazi, mayai, maembe na madafu yanatosha. Pweza na kamba waacheni hukohuko soko la samaki la Deep Sea, hao kwa dini yao hawaliwi mwezi wowote.