Kanisa Kuu la Köln: usihangaike kulitia lote kwenye picha moja

Stesheni kuu ya treni ya Köln, Ujerumani, imepakana kabisa na kanisa kuu, kwa hiyo mgeni hapati hata nafasi ya kujiandaa. Ukitoka tu nje, minara ya mita 157 hiyo hapo. Kila mtu anafanya jambo lile lile: anatoa simu, anarudi hatua mbili tatu, anainua mikono, anapiga. Anachopata ni jengo linalotaka kuanguka kichalichali, minara imebanana juu kwa sababu simu ilielekezwa angani.

Ushauri wangu wa kwanza, na ndio mkubwa: acha kulipiga zima ukiwa pale chini. Halienei. Waliolijenga walitaka likuzidi, na limekuzidi.

Ukilitaka zima, vuka mto Rhine kwa miguu kupitia daraja la Hohenzollern mpaka upande wa Deutz. Kutoka huko unalitazama kwa mgongo wake wa mashariki. Asubuhi jua linakuwa nyuma yako, na mawe yanaonekana vizuri. Jioni jua linazama nyuma ya minara, nawe unabaki na umbo jeusi tu, ambalo nalo lina uzuri wake. Ile picha ya kadi ya posta, yenye matao ya daraja na minara ikiwaka taa, hupigwa muda mfupi baada ya magharibi, anga ikiwa bado ya buluu. Ipige, ingawa kila mtu anayo. Uso wenye minara unatazama magharibi, kwa hiyo huo uutembelee alasiri.

Jambo moja kuhusu rangi: mawe ya kanisa hili yamekuwa meusi kwa miaka mingi ya hewa chafu na mvua. Kamera ikiona weusi mwingi hudhani kuna giza, inaongeza mwanga, na matokeo yake ukuta unakuwa wa kijivu kilichopauka na anga nyeupe pe. Kwenye simu, gusa ukuta kisha vuta alama ya jua ishuke kidogo.

Mbele ya mlango wa magharibi utakuta nakala ya ua la jiwe, lile linalokaa kwenye kilele cha kila mnara. Kule juu linaonekana kitu cha kufumbata mkononi. Hii nakala, kwa kipimo halisi, ina urefu wa karibu mita 9.5. Msimamishe mwenzako pembeni yake, umpige. Mimi naiona picha hiyo inaeleza ukubwa wa kanisa kuliko picha ya kanisa lenyewe.

Ndani, flashi na stendi ya kamera haviruhusiwi. Wanaume wavue kofia. Misa ikiwa inaendelea usizungukezunguke kabisa. Wale waliovaa majoho mekundu ndio wasimamizi. Wakisema simu chini, ni chini. Na mtu anayewasha mshumaa akiomba si mandhari yako, mwache.

Bila stendi, egemea nguzo, bana viwiko kwenye mbavu, au laza simu kwenye kiti na utumie saa ya kuchelewesha. Mwenye kamera apandishe ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, mpaka 1600 au 3200 bila woga. Chengachenga zinavumilika, picha iliyotikisika haivumiliki. Na uache nafasi pembeni ili nguzo zilizopinda uzinyooshe wakati wa kuhariri.

Mahali ambapo mimi hukaa hasa ni upande wa kusini, chini ya dirisha la mchoraji Mjerumani Gerhard Richter lililozinduliwa mwaka 2007. Halina mtakatifu wala malaika: ni miraba 11,263 ya kioo, rangi 72. Kardinali Meisner, askofu mkuu wa wakati huo, hakulipenda, akasema lingefaa zaidi msikitini. Mtu wa pwani atacheka kidogo hapo, kisha atatazama tena na kuona kwamba hakukosea sana.

Usilipige dirisha tu, fuata linachomwaga. Siku ya jua, kuanzia kama saa sita mchana, rangi zinashuka kwenye nguzo na sakafu: zambarau inakatika kwenye kona ya jiwe, kijani kinajaa kwenye mwanya kati ya vigae, mtu anapita na bega lake linageuka jekundu kwa sekunde moja. Kipindi cha baridi ndicho kizuri zaidi, kwa sababu jua la huko linakaa chini na miale inaingia mbali. Pima mwanga kwenye rangi zenyewe, sehemu nyingine ziachwe gizani. Mpangilio wa rangi (white balance) utoe kwenye otomatiki uweke mwanga wa jua, la sivyo kamera itajaribu "kurekebisha" kile kile ulichokifuata.

Kuhusu majukwaa ya mafundi: yatakuwepo. Ujenzi ulianza mwaka 1248, ukasimama karne ya 16, ukafufuliwa 1842 na kumalizika 1880, na tangu hapo ni ukarabati. Wenyeji wana msemo kwamba siku kanisa likikamilika dunia itakwisha. Usiwakwepe mafundi, wapige nao, ni sehemu ya historia ya jengo.

Mnara wa kusini una ngazi 533, nyembamba na za kuzunguka, na wanaoshuka mnakutana humo humo. Begi kubwa litakutesa. Njiani pumzika kwenye chumba cha kengele, umwone Petro, kengele kubwa ya tani 24. Juu kabisa kuna wavu, na hapo simu inaishinda kamera: lenzi yake ndogo inapenya kwenye tundu, huku mwenye lenzi kubwa akihangaika na nyaya.