Una siku moja Shanghai? Ingia bustanini, usiishie sokoni

Dada mmoja wa Kariakoo kaniandikia: akishafunga mzigo Yiwu, mji wa masoko ya jumla huko China, atapitia Shanghai, ana siku moja tu ya kutembea, aanzie wapi? Nimemjibu papo hapo: Yuyuan, bustani ya kale ya mji huo. Naandika na hapa kwa kuwa najua wenye swali hilo ni wengi.

Kwanza tuelewane. Ukishuka treni kituo cha Yuyuan utakuta maduka yenye mapaa yaliyopinda ncha, taa nyekundu na msongamano kama wa mkesha wa Idi. Hapo bado ni sokoni. Bustani ina ukuta wake, lango lake na tiketi yake. Wengi hupiga picha kwenye daraja la kona tisa, wakanunua feni za mkono, wakarudi hotelini wakitamba kuwa wameiona.

Msafara wangu nao ulifanya hivyo hivyo. Nilipoomba tuingie, kiongozi wetu akanicheka mbele za watu: "Umetoka Dar kuja kuangalia mawe?" Nikakata tiketi, nikaingia peke yangu. Kauli ile bado inaniuma, ila picha ambazo wenzangu huniomba hadi leo ni za mawe hayo hayo.

Na mawe niliyaona kweli. Liko moja, Yulinglong, refu kuliko mtu, limetoboka mwili mzima. Husimuliwa kwamba ukifukiza ubani chini yake, moshi hutokea kila tundu. Ukimwaga maji juu, nayo huchuruzika kila tundu. Nililizunguka polepole, kila upande likawa jiwe jingine. Mbele kidogo, ukuta wenyewe ni joka: kichwa kimetokeza pembeni kinywa wazi, na vigae vya juu ndiyo magamba yake.

Pan Yunduan, ofisa wa enzi ya wafalme wa Ming, aliianza bustani hii mwaka 1559 ili baba yake apate pa kupumzikia uzeeni. Kazi za serikali zikamwita, ujenzi ukalala miaka mingi. Mwaka 1853 waasi wa Chama cha Visu Vidogo walifanya ukumbi wake mmoja makao yao. Umma ulifunguliwa milango mwaka 1961. Eneo lote ni kama hekta 2, lakini njia zinapindapinda hata unadhani huimalizi.

Jamani, tunavuka bahari kila mwaka, tunajua bei ya kila kontena, halafu mji wenyewe hatuujui! Watoto wakikuuliza China ikoje utawasimulia maghala? Toka kidogo. Hela ya tiketi haikufilisi.

Kwa hiyo, dada yangu, nenda mapema, kabla ya makundi yenye bendera na vipaza sauti. Hakikisha siku hiyo wanafungua. Beba pasipoti, vaa viatu vya kutembelea, na narudia, nenda mapema. Huxinting, ile nyumba ya chai katikati ya bwawa, iko nje ya lango, iache mwisho. Bei zake zimechangamka, kwa hiyo beba na chupa yako ya maji.