Antivairasi Ninayo, Mbona Virusi Bado Vinaingia?

Maswali ya safari hii yamekuja mengi na karibu yote yanalia kilio kimoja, mtu ameweka antivairasi, anaiamini, halafu siku moja anakuta kompyuta imeshaliwa. Nimechagua yale yanayojirudia, nimeyafupisha kidogo, na nimejibu kwa kirefu pale ninapoona watu wanaumia zaidi.

SWALI: Kaka habari za kazi. Laptopu yangu ni ya Windows 11, rafiki kaniambia ile antivairasi inayokuja nayo haina kitu, basi nikaweka mbili nyingine za bure, nilijua moja ikipitiwa nyingine itakamata. Sa hivi mashine imekuwa nzito mpaka kuwaka tu ni shughuli. Shida ni nini?

JIBU: Nzuri sana. Shida ni hizo mbili zenyewe. Antivairasi inayolinda muda wote inakagua kila faili unalofungua kabla halijafunguka, sasa ukiwa nazo mbili faili moja linakaguliwa mara mbili, na zenyewe kwa zenyewe zinaanza kutiliana shaka, maana moja ikiona mwenzake anachungulia ndani kabisa ya mfumo inadhani huyo ndo kirusi. Toa zote mbili, washa mashine upya, halafu fungua Windows Security uhakikishe Microsoft Defender, yani ile antivairasi inayokuja na Windows, imerudi kazini, kwasababu huwa inajizima yenyewe ukiweka antivairasi nyingine. Hiyo Defender ya sasa kwa mtu wa nyumbani inatosha, nasema hivyo bila wasiwasi, rafiki yako labda anaikumbuka ya miaka ile. Ukitaka jicho la pili weka Malwarebytes ya bure, hiyo hailindi muda wote, unaiita pale unapotaka kusken tu, kwahiyo hazigombani.

Lakini ujue mpaka wake. Antivairasi inakamata vizuri kile kinachojulikana tayari au kinachofanya mambo ya ajabu waziwazi. Kile ulichokiruhusu mwenyewe, ukabonyeza Yes, ukazima ulinzi ili kipite, hata antivairasi ya kulipia inaweza isikusaidie, na maswali yanayofuata karibu yote yanaangukia hapo.

SWALI: Nilidaunlodi programu ya kuediti video iliyokrakiwa, yani ya kulipia iliyochezewa ili itumike bure, maelezo yakasema nizime antivairasi kwanza la sivyo haitafanya kazi, nikazima. Programu yenyewe haikufunguka kabisa. Siku ya pili akaunti yangu ya Instagram ikaanza kuwatumia watu matangazo ya uwekezaji, na nilikuwa nimeweka uthibitisho wa hatua mbili. Imewezekanaje?

JIBU: Pole sana ndugu yangu. Unasema haikufunguka, ila ilifunguka vizuri tu, sema haikuwa programu ya video. Kuna jamii ya virusi ambayo kazi yake ni kuchota tu, haiharibu chochote, haionyeshi chochote, inaingia kwenye brauza inabeba paswedi zote ulizoziseva pamoja na vile vikuki vya kulogin, inavituma kwa mwenyewe, na mara nyingine baada ya hapo inajifuta. Hivyo vikuki ndo jibu la swali lako. Ukishalogin mahali, tovuti inaipa brauza yako alama ya kusema huyu nimeshamkagua, ndo maana huulizwi paswedi kila unapoifungua. Mwizi akiibeba hiyo alama akaipachika kwenye kompyuta yake anaingia kama wewe, haulizwi paswedi wala zile namba za uthibitisho zinazotumwa kwenye simu.

Sasa fanya hivi na usichelewe. Chukua kifaa kingine ambacho ni kisafi, usitumie kompyuta hiyohiyo, maana ukibadilishia paswedi humo unamkabidhi mpya. Anza na imeili, kwasababu mwenye imeili yako anaweza kuriseti karibu kila kitu kingine, halafu mambo ya pesa, halafu mitandao. Kila akaunti usiishie kubadilisha paswedi, tafuta sehemu ya kutoa vifaa vyote vilivyologin, uvitoe vyote, hapo ndo ile alama iliyoibiwa inakufa. Kompyuta yenyewe mimi ningepiga Windows upya, unahamisha picha na nyaraka zako tu, programu na mafaili ya .exe yote yabaki. Na kama ulikuwa unahitaji kuediti video tu, DaVinci Resolve ina toleo la bure, Shotcut na Kdenlive ni bure kabisa na ni halali, hakuna programu inayostahili uizimie ulinzi wako ili iingie.

SWALI: Mtaalamu shikamoo. Kuna tovuti iliniambia nithibitishe kwamba mimi si roboti, ikanielekeza nibonyeze kitufe cha Windows pamoja na R, halafu Ctrl na V, halafu Enter. Nilipofika kwenye Enter roho ikasita nikafunga. Nimeathirika?

JIBU: Marahaba mwanangu. Kama kweli Enter hukuigusa umepona. Huu mtego umeshika kasi sana kuanzia 2024 na naomba kila anayesoma hapa auelewe unavyofanya kazi, sio kuukariri tu. Ulipobofya kile kiboksi cha si roboti, ile tovuti ilikopi amri kimyakimya na kuiweka kwenye klipbodi yako, pale kompyuta inapotunza kitu ulichokopi mpaka ukibandike. Windows na R inafungua kile kidirisha kidogo cha Run, ambacho kazi yake ni kuendesha amri. Ctrl na V inaibandika ile amri ambayo wewe hujawahi kuiona. Enter inaiendesha. Yani hatua zote tatu mtu anazifanya mwenyewe kwa vidole vyake.

Na angalia ujanja wao, kile kidirisha ni kifupi, kinaonyesha mwisho wa sentensi tu, kwahiyo mwanzoni wanaweka amri yenyewe, mara nyingi inaanza na powershell au mshta, ambazo ni programu za Windows zenyewe za kuendesha amri, halafu mwishoni wanaweka maneno ya kukutuliza kama uthibitisho wa roboti na namba ndefu ya uongo. Macho yako yanaona hayo ya mwisho tu. Ungerudisha kile kimstari cha kuandikia nyuma mpaka mwanzo ungeona anwani ya mahali kirusi kinapodaunlodiwa. Wenye Mac nao wasijione wako salama, wao wanaambiwa wafungue Terminal, dirisha la kuandikia amri kwenye Mac, wabandike huko. Hakuna tovuti ya kweli inayohitaji ubandike kitu kwenye Run au Terminal ili ikujue wewe ni binadamu. Kwa sasa kopi neno lolote la kawaida ili ile amri iondoke kwenye klipbodi, na usken mashine kwa uhakika tu.

SWALI: Flashi yangu nikiichomeka mafolda yote yamegeuka shotikati na ukubwa wa kila moja ni KB chache tu. Nimeiformat mara kadhaa, nikiweka mafaili yanageuka tena. Kazi zangu zimepotea?

JIBU: Zile ulizozifuta kwa kuformat ni ngumu, lakini kwa watu wengine wanaokutana na hali hii, jamani msiformat kwanza, mafaili yapo. Kuanzia Windows 7 kompyuta hairushi tena programu yenyewe kutoka kwenye flashi, kwahiyo watengeneza virusi wakatafuta namna ya kukufanya wewe ubofye. Kirusi kinayaficha mafolda yako kwa kuyapa alama ya mafaili ya mfumo, kisha kinaweka shotikati yenye jina lilelile na picha ya folda. Ukiibofya kinajirusha kwanza, halafu kinakufungulia folda la kweli, unaona kazi zako, unaendelea, hujui kama umeshaambukiza mashine.

Na ndo maana kuformat flashi hakukusaidii, ugonjwa uko kwenye kompyuta. Sken kompyuta kwanza, na kwenye Windows Security kuna chaguo la kusken ofline, mashine inajizima na kuwaka na kukagua kabla Windows haijaamka, kirusi kinakuwa hakina pa kujificha. Ikiisha chomeka flashi, iskeni bila kufungua kitu, halafu fungua Command Prompt, dirisha la Windows la kuandikia amri, uandike hivi, ukibadilisha E iwe herufi ya flashi yako:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Mafolda yatarudi kuonekana. Shotikati zifute, na faili lolote usilolijua hasa lenye mwisho wa .vbs, .js au .exe lifute pia. Halafu nenda kwenye File Explorer, sehemu ya View, washa kuonyesha mwisho wa majina ya mafaili. Windows huwa inauficha, na huo uficho umeshawaponza watu tangu Mei 2000, kirusi cha ILOVEYOU kilisambaa kwa faili lililoitwa LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT.vbs, watu wengi waliona TXT tu wakadhani ni barua.

SWALI: Skrini imejaa onyo jekundu, sauti inapiga kelele eti nina virusi, na kuna namba ya simu nipige. Nipige?

JIBU: Usipige dada. Huo ni ukurasa wa wavuti tu umejitanua skrini nzima. Shikilia Esc, ikigoma bonyeza Ctrl, Shift na Esc, funga brauza kutoka kwenye Task Manager, na ukiifungua tena ikikuuliza irudishe kurasa za mwanzo, kataa. Ukipiga ile namba atakuambia uweke AnyDesk au TeamViewer, programu za kuendesha kompyuta ya mtu ukiwa mbali, ili akusaidie, na hapo ndo anapoingia kweli. Kama maonyo yanatokea pembeni ya skrini hata ukiwa hujafungua kitu, hizo ni notifikesheni za tovuti uliyoiruhusu, nenda settings za brauza uiondoe.

SWALI: Windows 10 yangu iko vizuri tu, kwanini nisumbuke na apdeti au kuhama?

JIBU: Kwasababu Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, matundu yanayogunduliwa tangu hapo hayazibwi, isipokuwa kwa waliojiandikisha kwenye ule mpango wa nyongeza unaofika Oktoba 2026. Kirusi cha WannaCry cha Mei 2017 kiliingia kwenye kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi kama 150, kikavuruga mpaka hospitali za Uingereza, na kiraka, yani apdeti ya kuziba tundu kilimopitia, kilikuwa kimeshatolewa Machi mwaka uleule. Hakikuhitaji mtu abofye chochote, kilitafuta tu mashine zisizo na kiraka. Jiandikishe, au kama mashine inaweza hamia 11, na kama ni ya zamani sana Linux Mint, mfumo wa bure unaowekwa badala ya Windows, itaifaa.

SWALI: Mafaili yangu yote yamebadilika majina, hayafunguki, na kuna barua inadai bitcoin. Nilipe?

JIBU: Pole sana, najua humo kuna picha ambazo hazitapigwa tena. Hicho ni kirusi kinachofunga mafaili kwa ufunguo wa siri halafu kinadai pesa ili ufunguliwe. Kata intaneti sasa hivi na chomoa kila diski iliyounganishwa. Usilipe haraka, kuna wanaolipa na wasipewe ufunguo, na hela yako inakwenda kumwezesha aumize mwingine. Nenda kwenye No More Ransom, mradi ulioanzishwa 2016 na polisi wa Uholanzi, Europol ambao ni polisi wa Umoja wa Ulaya, na kampuni za antivairasi Kaspersky na McAfee, unapakia faili moja lililofungwa pamoja na ile barua, wanakuambia ni kirusi gani na kama kuna ufunguo wa bure. Kwahiyo barua usiifute. Ufunguo ukiwa haupo, yakopi hayo mafaili yaliyofungwa kwenye diski uyaweke, maana funguo nyingine hutoka baadaye, polisi wakikamata seva za hao watu.

Ukishasafisha mashine nunua diski ya nje kwa ajili ya bakapu, na hii nasisitiza, ichomeke ukiwa unakopi tu halafu ichomoe, ikibaki imechomekwa nayo itafungwa pamoja na mengine. Vitu vya muhimu zaidi weka nakala nyingine kwenye huduma ya mtandaoni inayotunza matoleo ya zamani ya mafaili. Na mara mojamoja fungua mafaili mawili matatu kutoka kwenye hiyo bakapu uone kama kweli yanafunguka, watu wengi wanakuja kugundua ilikuwa haikopi kitu siku ileile wanayoihitaji.