Kalamu Nyekundu: Mchumba kabla ya Desemba

Maswali ya wasomaji kuhusu maisha na mipango. Anajibu mwalimu mstaafu wa Hisabati, Morogoro.

SWALI

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni binti wa miaka 23, nipo Iringa, nauza katika duka la mjomba wangu. Kidato cha nne nilipata daraja la nne, pointi 28: C ya Kiswahili, F ya Hisabati (samahani Mwalimu) na D tano, zikiwemo za Biolojia na Kemia. Ndoto yangu ni kufanya kazi ya afya.

Mkesha wa mwaka mpya tuliambiwa kanisani tuandike malengo. Niliandika 11: kurudia mtihani nipate A tatu, kuwa daktari, kumjengea mama nyumba, kupungua kilo 20, kupata mchumba mcha Mungu kabla ya Desemba, kuwa na laki tano benki, kujua Kiingereza, kuanza biashara ya mtandaoni, kwenda Dubai, kusoma Biblia yote, na kuachana na watu wenye wivu.

Sasa ni Julai. Hakuna hata moja lililotimia, na usajili wa mtihani wa mwaka huu ulinipita. Muda wa kusoma sina, duka linafungwa saa tatu usiku na mjomba haelewi mambo ya shule. Nikiitazama ile karatasi naumia. Je, niache tu kuweka malengo?

Mwenye Karatasi, Iringa

JIBU

Marahaba mwanangu. F ya Hisabati nimeiona, hiyo tutaizungumza siku nyingine.

Nimeinakili orodha yako kwenye daftari nikaipitia kwa kalamu nyekundu. Nimeanza na mchumba. Huyo ni mtu mzima, ana akili zake na ana mama yake, na huenda saa hizi yuko Tunduma anapakia mahindi, hana habari kwamba Iringa kuna binti aliyempa mwisho wa Desemba. Nimemkata. Dubai nimeikata kwa sababu hukusema unakwenda kufanya nini. Nyumba ya mama nimeikata kwa shingo upande, maana nia ni njema, ila anayeitafuta laki tano bado hajafika kwenye bei ya mabati. Wenye wivu nimewaacha huko huko waliko. Kuhusu kilo 20, namba ya kwenye mizani huwezi kuiamrisha, lakini chipsi za saa tatu usiku ukishafunga duka ni zako wewe. Kama uzito unakusumbua kweli, andika chipsi, kilo uziache.

Biblia endelea nayo, hiyo haihitaji ruhusa yangu. Kiingereza na biashara ya mtandaoni zisubiri. Udaktari nao nimeufuta kwa mwaka huu, usinune, nitaurudia.

Imebaki mitihani, na pesa ya kuifanyia. Hapa ndipo nataka tukae kidogo.

Umeandika "A tatu". A inaanzia alama 75, na inatolewa na msahihishaji usiyemjua, kwa maswali ambayo bado hayajatungwa. Hukuandika utakachofanya wewe, umeandika atakachofanya mwenzako, kisha ukakaa kumsubiri tangu Januari. D ni kuanzia 30 hadi 44, na C inaanzia 45. Cheti chako hakikuambii kama D ya Biolojia ni ya 31 au ya 43. Inawezekana uko mbali na C, inawezekana umeikosa kwa swali moja la kuchora mchoro wa moyo. Kuitoka D kwenda C ni safari inayofanana na nguvu ulizonazo sasa. Na faida yake ni kubwa kuliko unavyoidhania: C mbili tu, ukizijumlisha na ile ya Kiswahili, ni krediti tatu, na krediti tatu ndizo zinazomruhusu mtahiniwa wa kujitegemea kufanya mtihani wa kidato cha sita.

Kabla hata ya hapo, kuna kazi ya jioni moja ambayo ninashuku hujaifanya. NACTVET, lile baraza la elimu ya ufundi, hutoa kila mwaka kitabu cha mwongozo wa udahili, kinaonyesha sifa zinazotakiwa kwa kila kozi na kila chuo. Kipakue, usome kozi za afya zote ngazi ya cheti, siyo udaktari peke yake. Nyingine zitadai ufaulu wa Fizikia, ambayo hukuitaja. Nyingine hazitadai. D ni ufaulu, mwanangu. Unazidharau hizo D tano, na huenda mbili kati yake zinatosha kukuingiza mahali fulani bila kurudia chochote. Sikuahidi. Nakuambia usome mwenyewe, kwa sababu wako wengi wanaolipia kurudia mitihani kwa maneno ya kijiweni, na kitabu kipo bure.

Sasa mjomba. Umeandika kwamba haelewi mambo ya shule. Nimesoma barua yako yote nikitafuta mahali ulipomwambia, sikupaona. Watu wakisikia habari ya kushughulika na yale yaliyo mikononi mwao, hugawa dunia mara mbili haraka haraka: haya yangu, yale si yangu. Wakishagawa, kila kitu kinachotia aibu kukiomba wanakitupa upande wa "si yangu". Saa ya kufunga duka si yako, kweli. Kumwomba mjomba ni juu yako kabisa, na hakuna mwingine duniani atakayekufanyia.

Ila usimwendee na "nataka kusoma". Maneno hayo yanamfanya mfanyabiashara aone anapoteza mtu wa dukani. Subiri siku mkishafunga hesabu na imekaa sawa, umwambie: "Mjomba, naomba Jumanne na Alhamisi nitoke saa kumi na mbili jioni, nakwenda kujisomea kwa ajili ya mtihani. Jumamosi nitafungua mimi mapema na mzigo nitauhesabu mwenyewe." Umeomba kitu chenye mpaka na umerudisha kitu. Mwenye duka anaelewa biashara ya namna hiyo hata kama hajawahi kufungua kitabu cha Kemia. Ukishindwa kumkabili peke yako, mpitishie maneno mkewe, wanawake wa nyumba hizi wanajua saa ya kusema. Akikataa kabisa, basi ndipo tuseme jioni si yako, na tuhamie mchana. Maduka mengi ya rejareja husinzia kati ya saa nane na saa kumi. Kaunta ni meza.

Lengo lako liandike hivi, kwa maneno haya au ya kwako: kila siku ya kazi nitajibu swali moja la Biolojia na moja la Kemia kutoka mitihani ya nyuma, kwa kuandika jibu lote kwa mkono. Mitihani ya nyuma ipo kwenye tovuti ya Baraza la Mitihani. Kusoma kwa macho huku unamhudumia mteja wa sabuni hakuhesabiki, ubongo hudanganya kwamba umeelewa. Siku ukishindwa, usiifidie kesho yake kwa maswali manne, maana kesho kutwa utaanza kujificha. Endelea na mawili.

Kuhusu pesa, ifute laki tano, weka ada ya mtihani. Usajili wa watahiniwa wa kujitegemea hufanyika miezi ya mwanzo wa mwaka, na anayechelewa hulipa zaidi. Kaulize ada kwenye kituo cha usajili kilicho karibu nawe, igawe kwa wiki zilizobaki hadi Januari, na hicho kiasi cha wiki ndicho lengo. Nadhani utashangaa kwamba ni kidogo kuliko vocha.

Najua nitaandikiwa na wasomaji kwamba nampunguzia binti imani, kwamba angeota makubwa na Mungu angetenda. Waniandikie tu. Nimefundisha watoto wa wachungaji na watoto wa masheikh, na wote niliwataka wakariri kanuni ya eneo la duara.

Udaktari nilisema nitaurudia. Urudie wewe, matokeo yakishatoka, ukiwa na cheti kipya mkononi na kitabu cha mwongozo cha mwaka huo.

SWALI

Mwalimu, shikamoo. Naendesha bodaboda Mwanza, kijiwe chetu kiko Buzuruga. Pikipiki ni ya mkataba, kila siku napeleka hesabu ya 10,000 kwa tajiri. Nilijiwekea lengo la kuweka 5,000 kila siku ili mkataba ukiisha ninunue ya pili. Wiki ya kwanza nilifanikiwa. Ya pili mvua ikanyesha, ya tatu mafuta yakapanda, nikachukia nikaitoa yote kwenye simu. Nakosea wapi?

Wa Buzuruga

JIBU

Marahaba. Tajiri ameshakuwekea namba isiyojua mvua, na wewe ukajiongezea ya pili. Siku nzuri zinakubeba, siku mbaya unadaiwa na watu wawili, mmoja wao ni wewe mwenyewe.

Acha kuweka kwa siku, weka kwa abiria. Kila abiria wa kumi, nauli yake si yako, inaingia kibubuni hata kama ni buku moja ya kumvusha mama na ndoo ya dagaa. Siku ya mvua ukipata abiria kumi na wawili, umeweka nauli moja na umetimiza. Siku ya mnada ukipata arobaini, umeweka nne. Kwa hesabu ya mwezi huenda isifike 5,000 kwa siku uliyoitaka, lakini ile 5,000 nayo hukuifikisha.

Bei ya mafuta hutaiweza, ila tarehe yake unaijua. EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji, hutangaza bei kikomo Jumatano ya kwanza ya kila mwezi. Jumanne ya kuamkia hapo usinunue kitu kisichokuwa na haraka, subiri usikie.

Pesa iondoe kwenye simu. Hasira na namba ya siri vikikaa mfuko mmoja hakuna akiba. Tafuta kikundi cha hisa hapo kijiweni au kwenye mtaa wenu, kile ambacho sanduku lina funguo tatu kwa watu watatu.

Na moja hukuliuliza: kwenye mkataba wako, siku pikipiki iko gereji unadaiwa hesabu? Kama hakuna maandishi, nenda ukaongee na tajiri sasa, wakati pikipiki ni nzima na hamjagombana.

SWALI

Mwalimu habari za siku. Nina miaka 47, mhasibu, Arusha. Shemeji yangu anakimbia Kilimanjaro Marathon kila mwaka na kila Krismasi tunaonyeshwa medali. Nimeamua Februari nami nikimbie kilomita 42 na nimshinde. Kwa sasa nakimbia nikichelewa basi tu. Nianzeje?

Medali za Watu

JIBU

Nzuri, mhasibu mwenzangu wa namba.

Nianze na shemeji. Juma Ikangaa, mwanajeshi wetu wa JWTZ, alikimbia marathon ya Boston, Marekani, mwaka 1988 kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 44. Mkenya Ibrahim Hussein alishinda kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 43. Tofauti ya sekunde moja, baada ya kilomita 42. Mwaka 1989 Ikangaa akawa wa pili tena Boston, nyuma ya Mwethiopia, na mwaka 1990 wa pili tena, nyuma ya Mwitaliano. Watu wanaokumbuka hayo matatu husahau kwamba katikati yake, Novemba 1989, alishinda New York kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 1, na ilikuwa rekodi ya njia ile. Miguu ni ile ile. Kama kipimo ni nani kakutangulia, Boston ya 1988 ni kushindwa, ingawa muda wake ungewashinda karibu wanadamu wote waliowahi kuvaa viatu vya riadha. Hussein hakuwa kwenye ratiba ya mazoezi ya Ikangaa, na shemeji yako asiwe kwenye ya kwako. Akiumwa goti Januari utamshinda bila kufanya lolote, je, utakuwa umekimbia vizuri?

Kilomita 42 kwa mtu wa 47 anayeanzia kituo cha basi, na miezi iliyobaki hadi Februari, mimi naiona ni haraka. Jiandikishe ile ya 21. Nayo si ya mchezo, njia inapanda barabara ya Mweka na kupanda huko kunawanyamazisha vijana. Lengo lako la kuandika lisiwe muda wa kumaliza. Liwe siku tatu kwa wiki kuanzia Jumatatu hii: dakika 30, ukichanganya kutembea na kukimbia, kwa mwendo ambao unaweza kuongea sentensi nzima bila kuhema. Ukishindwa kuongea, tembea. Wiki chache zikienda vizuri ongeza dakika tano kwenye siku moja, siyo zote tatu. Nunua viatu vya kukimbilia kabla ya fulana, wengi hufanya kinyume kwa sababu fulana inaonekana kwenye picha.

Lakini kabla ya Jumatatu nenda zahanati upime presha na sukari, umweleze daktari unachotaka kufanya. Ukipata majibu niandikie. Shemeji kama ana la kusema, na aandike barua yake mwenyewe.