Mkuu, usiingie kwenye maji ya pango bila kamba yako mwenyewe

Hapana mkuu. Umeuliza suti gani inafaa maji baridi, tochi ubebe ngapi na kamera uifunge wapi. Halafu katikati ukapitisha, kama jambo dogo, kwamba kipande cha pango kilichojaa maji ni mita 40 tu, maji yanaonekana mpaka chini, na mwenyeji wenu kasema mtafuata kamba ya zamani iliyomo humo. Hapo moyo ukanilipuka paa.

Changu kilikuwa mita 30. Kina cha mita 6, maji meupe, tochi inamulika mpaka ukuta wa mbele. Aliyetupeleka, mtu wa miaka mingi mapangoni, aliniona nafungua kigurudumu cha kamba akaniambia niache: itaninasa miguu, njia ni moja, haina kona. Nikaiacha juu ya jiwe. Ilikuwa kamba ya rangi ya chungwa, mpya, haijawahi hata kulowa.

Kwenda ilikuwa raha tupu. Nilipogeuka, njia niliyopitia haikuwepo. Mapovu ya pumzi yangu yalikuwa yamepanda darini yakapangusa tope laini lililoganda huko miaka na miaka, na mapezi yakatibua la chini. Uji wa kahawia. Tochi iliupiga, mwanga ukanirudia machoni. Nikanyoosha mkono, kiganja kikapotea kabla kiwiko hakijanyooka. Geji ya hewa ya mtungi niliibandika kwenye kioo cha barakoa ndipo nikauona mshale: bar 110. Niliingia na 200.

Nikaenda na ukuta wa kulia, maana ndio niliokuwa naukumbuka. Kumbe ile "njia moja" ilikuwa na tundu ubavuni ambalo huwezi kuliona ukiwa unaingia na macho yako yako mbele. Nilijua nimekosea pale mtungi ulipogonga dari na kifua kikagusa sakafu kwa wakati mmoja. Mbele hapapitiki, kugeuka hakuwezekani. Nilirudi kinyumenyume, kwa viwiko, sentimita kwa sentimita, nahema kama niliyetoka mbio. Na ujue hewa inaliwaje huko: kwenye mita 10 kila pumzi inameza mara mbili ya ile ya juu, na ukishikwa na hofu zidisha tena.

Kilichonitoa ni mchanga. Nilipotoka kwenye lile tundu nilipapasa chini nikakuta mawimbi madogo ya mchanga, yale yanayochorwa na mkondo. Upande mkali wa kila wimbi hutazama maji yanakoelekea, na mimi niliingia nikipingana na mkondo. Basi nikawa nasoma sakafu kwa vidole vilivyokufa ganzi, wimbi baada ya wimbi, mpaka kichwa kikatoka hewani. Geji ilisoma 15. Mwenzangu alikuwa amekaa kwenye jiwe, saa mkononi, miguuni pake ile kamba ya chungwa. Hakuweza kusema neno.

Yule aliyetushauri alisema tu, "Si umetoka?" Mpaka leo nikilikumbuka hilo jibu damu inachemka. Yeye hakuingia majini. Anayekwambia uache kamba hana haki ya kubaki nchi kavu. Ndiyo, kamba iliyolegea hunasa. Ndiyo maana hukazwa, ikafungwa kwenye miamba kila inapopinda. Hiyo ni sababu ya kujifunza kuifunga, si ya kuiacha.

Na hiyo ya zamani mnayotaka kuifuata? Pango la mlimani mvua ikinyesha juu hupitisha mafuriko ya kukata kamba na kuisokomeza kwenye nyufa. Utaishika, itakupeleka mita 20, halafu utabaki na ncha mkononi. Funga yako. Fundo la kwanza lianzie nje, penye hewa ya wazi, la pili ndani kidogo ya mlango, na isikatike mpaka unakogeukia. Mkono usiiache. Sheck Exley, Mmarekani aliyechambua ajali za mapangoni miaka ya 1970, aliiweka kamba isiyokatika miongoni mwa kanuni zake za msingi, pamoja na ile ya theluthi: theluthi ya hewa ya kwenda, theluthi ya kurudi, theluthi isiguswe. Kule kwenye pango la Tham Luang, Thailand, mwaka 2018, wale watoto 12 na kocha wao walionaswa na mafuriko walitolewa na wazamiaji walioshika kamba, maana macho hayakuwa na kazi. Na hata hivyo Saman Kunan, mwanamaji wa zamani, alifariki humo akitoka kupeleka mitungi ya hewa.

Najua kuna atakayesema samaki hana kamba. Samaki ana matamvua, mkuu.

Tochi ni tatu. Sasa fanya hivi: chukua kamba, ifunge nje kati ya miti, ziba barakoa kwa kitambaa cheusi, uifuate mpaka mwisho na kurudi. Mara ya kwanza nilipojaribu, fundo la tatu lilinishinda, na hapo niko nchi kavu, napumua bure.

Umesema mnaingia Jumamosi. Kamba unayo ya mita ngapi, na nani kakufundisha kuifunga? Nijibu hapa kabla hujapakia mitungi.