Maswali ya Wasomaji: Jukwaa au Safari?

Swali: Kaka, wewe mpiga gitaa wa roki unayezunguka na bendi miezi mingi, kipi kinakuchosha zaidi, jukwaa au safari?

Jibu: Kungoja, dada yangu. Onyesho ni saa moja na nusu tu. Muda uliobaki ni kupakua spika, kujaribu sauti, kisha kukaa. Nyumbani napiga simu kabla ya kupanda jukwaani, maana nikishuka watoto wameshalala. Hilo ndilo linaloniuma hasa. Gitaa nalo likitoka kwenye gari lenye baridi na kuingia ukumbi wenye joto, nyuzi hulegea, sauti ikashuka. Kwa hiyo nalitoa mapema lizoee hewa. Na masikio, jamani! Vaeni vizibo. Seli za kusikia zikifa hazioti tena.